Nafasi ya Vidole Vinne

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, mkutubi wa falsafa katika maktaba ya chuo kimoja alipita rafu moja baada ya nyingine akichomeka vidole vinne mwishoni mwa kila safu ya vitabu. Alifundishwa hivyo na mkutubi aliyemtangulia: rafu isijazwe pomoni, ibaki nafasi ya vidole vinne, maana kitabu kitakachokuja kesho nacho kinahitaji pa kukaa. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, rafu ya tatu ilikataa vidole. Akajaribu viwili. Ikakubali kimoja, kile kidogo cha mwisho, na hicho nacho kwa taabu.

Hakuwa ameongeza kitabu chochote kwenye rafu ile tangu mwaka uliopita. Akashuka chini kwa fundi wa kujalidi, mzee wa miraba minne aliyenuka gundi hata siku za mapumziko, akamshtaki kwamba majalada yake yamezidi unene.

"Majalada yangu?" fundi akasema. "Dada, kadibodi hii naitumia tangu wewe una mkoba wa shule mgongoni. Kahesabu kurasa zako kwanza, ndipo uje kunigombeza."

Akapanda juu, akahesabu. Kulikuwa na kitabu cha bluu kinachosema kwamba mtu si chochote ila kumbukumbu zake. Kadi yake kwenye katalogi ilisema kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Sasa zilikuwa mia mbili thelathini na moja. Za nyongeza zilikuwa za karatasi ile ile, herufi zile zile, na zimeshonwa kwa uzi ule ule. Jirani yake wa kijani, anayesema mtu ni mwili wake na mazoea yake, alikuwa ameongeza ishirini na mbili. Mkutubi akakata namba za wino kwenye kadi akaandika mpya kwa penseli, maana aliona dalili kwamba hazitatulia. Kisha akahamisha vitabu vitatu kwenda rafu ya nne, vidole vinne vikapita, akavua koti.

Hapa lazima mwanamke huyu apewe haki yake. Alipoajiriwa, miaka kumi na minane nyuma, falsafa nzima ya chuo kile ilikuwa rafu moja na nusu. Vitabu arobaini na kimoja, vilivyoachwa na mhadhiri aliyehama akaona sanduku lake zito, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Mtu mwingine angebandika kibao mlangoni, akanywa chai yake, akangoja mshahara. Yeye alikipangusa kile cha nyuki akakiacha mahali pake, kwa sababu kimeshafika na hakuna aliyekilalamikia. Kisha akatengeneza sanduku la mbao lenye tundu juu, akaliandika: Tuambie Tununue Nini.

Kwa miaka mingi sanduku lile lilimletea maganda ya peremende, malalamiko juu ya vyoo, na barua moja ya mapenzi isiyotaja inakwenda kwa nani. Mwaka wa sita kikatoka kikaratasi chenye mwandiko mdogo ulionyooka: "Kitabu cha bluu kinabishana na mtu ambaye hayupo. Kinamsema kurasa sitini na mwenyewe hana pa kujibia. Mleteni naye ajitetee."

Mkutubi alipekua tanbihi zote hadi akamjua huyo anayesemwa. Akaandika barua kwa wauza vitabu, akangoja miezi saba, akakipata kile cha kijani. Akaviweka bega kwa bega. Wiki iliyofuata sanduku likatoa kikaratasi kingine: "Ahsante. Sasa wote wawili wanamsingizia wa tatu."

Wakaenda hivyo miaka kumi na miwili. Kikaratasi kinataja aliyesingiziwa, mkutubi anakwenda kumtafuta. Vitabu arobaini na kimoja vikawa elfu mbili mia tatu na sita. Kwingine vitabu hupangwa kwa herufi. Pale vilipangwa kwa ugomvi, kila kimoja ubavuni mwa yule anayemkatalia, na mwanafunzi aliyetembea taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni alifika mlangoni hajui tena aliyoyajua dirishani, na hilo ndilo alilolipia ada. Wasomi wa vyuo vingine walikuja kuangalia tu mpangilio, wakiwa wamefunga mikono nyuma. Isemwe wazi: ilikuwa kazi nzuri kuliko zote zilizofanyika katika jengo lile, na jengo lile lilikuwa na ghorofa tano.

Nani aliandika vile vikaratasi? Mkutubi aliamini anajua. Vyote viliandikwa nyuma ya fomu zilizotumika, zenye kichwa cha habari "Orodha ya Usafi: Vyoo, Ghorofa ya Pili." Akafikiri, akakata shauri kwamba ni Profesa, mkuu wa idara ya falsafa. Wahadhiri ni mkono wa birika linapokuja suala la karatasi, na huyu hasa aliwahi kutunga mtihani mzima nyuma ya bahasha. Siku moja akamsimamisha ukumbini kumshukuru kwa mapendekezo yake. Profesa akatabasamu, akatazama viatu vyake, akasema, "Tunajitahidi, tunajitahidi." Mkutubi akaona huo ndio unyenyekevu wa wasomi, na toka siku hiyo akamheshimu maradufu.

Basi, kurasa ziliendelea kuota. Cha bluu kilimjibu cha kijani, cha kijani kikamjibu cha bluu, tena kwa adabu kuliko watu wa kamati. Ukurasa wa mia mbili thelathini na tano wa kile cha bluu ulisema hivi: "Tumeulizwa: mtu anayekumbuka kila kitu, lakini hakuna anayemkumbuka yeye, huyo ni nani? Swali ni zito. Tunaomba muda." Zikapita siku nne bila ukurasa. Ijumaa zikaota tatu kwa mpigo, na zilikuwa nzuri sana.

Maktaba ikazoea. Fundi aliongezewa ndoo ya gundi. Vitabu vya falsafa vikakatazwa kuazimwa, kwa sababu kitabu kilichotoka na kurasa mia tatu na kurudi na mia tatu na nane kilimchanganya mtu wa dawati. Wanafunzi wakanung'unika wiki moja, halafu wakaanza kuwahi viti. Profesa alifika kila siku saa tatu asubuhi na kalamu, akanakili kurasa mpya, na saa tano akazifundisha. Akaitwa kwenye makongamano, akarudi na ngao ya kioo akaiweka juu ya kabati la ofisi yake.

Mkutubi naye alifanya utafiti wake. Aligundua kwamba si vitabu vyote viliota. Vilivyoota vilikuwa na jambo moja tu la kufanana: havikuwa na chembe ya vumbi. Akaliandika kwenye ripoti ya robo mwaka, aya ya tatu, na hakuna aliyefanya lolote nalo, yeye mwenyewe akiwemo.

Kulikuwa na mfagizi wa ghorofa ya pili ambaye chuo kizima kilimwita Bi Taratibu, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kila aliyekanyaga sakafu yenye maji alimwambia neno hilo hilo moja. Alivaa gauni la kazi lenye jina la kampuni ya usafi mgongoni. Chuo hakikumwajiri, kilimkodi pamoja na ndoo. Alhamisi moja saa nne, ukumbi ukiwa mtupu kwa kuwa watu wako darasani, alikuja mbele ya meza ya mkutubi akiwa na dekio mkono mmoja na karatasi iliyokunjwa mkono mwingine.

"Samahani, Bi Mkutubi. Sanduku limejaa. Karatasi yangu haipiti."

Mkutubi akaipokea. Akausoma mwandiko mdogo ulionyooka. Akaigeuza. Orodha ya Usafi: Vyoo, Ghorofa ya Pili.

"Ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Unayeandika."

"Kwani kuna mwingine?" Bi Taratibu akauliza. "Mbona hakunisalimia?"

Mkutubi akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni. Miaka kumi na minane alikuwa akimpisha mama huyu mlangoni, akimwuliza habari za nyumbani bila kungoja jibu. Akavuta kiti cha wageni. Bi Taratibu akakaa ukingoni, kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke.

Alieleza kwa maneno machache. Alianza kusoma kwa sababu ya vumbi. Kupangusa kitabu usichokijua, alisema, ni sawa na kumuogesha mtoto wa watu bila kumsalimia mama yake. Kwa hiyo alifungua kila kimoja, asome kidogo, ndipo akipanguse. Baadaye kidogo ikawa nyingi. Alisoma saa nne hadi saa tano, amesimama katikati ya rafu, dekio limeegemea ukuta, na kila kitabu alikirudisha pale pale alipokitoa, ndiyo maana hapakuwa na alama. Kurasa zilizoota alizijua zote. Ukiuliza vizuri, alisema, mtu hujibu, hata kama ni kitabu.

"Na leo umeandika tununue nini?"

"Leo si kitabu. Soma tena."

Mkutubi akasoma tena. Karatasi ilisema: "Naomba kadi ya msomaji."

Mkataba wa Bi Taratibu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Kampuni haikuongezea mkataba mtu aliyevuka miaka sitini. Akishavua gauni la kazi, mlinzi hatakuwa na sababu ya kumpitisha langoni.

"Nitakuwa kwa binti yangu," Bi Taratibu akasema. "Vyumba viwili. Yeye, mume wake, wajukuu wanne na redio. Kimya pale kinapatikana umeme ukikatika, na hapo sioni kusoma. Mimi sitaki zawadi, Bi Mkutubi, wala sherehe. Nataka kadi tu. Mimi na kile cha bluu hatujamalizana."

"Utaipata," mkutubi akasema, na alimaanisha.

Kamati ya maktaba ilikutana Jumatano. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, aliyeanza kila kikao kwa kuuliza kama feni inamsumbua mtu. Mkutubi akaweka mezani vikaratasi vya miaka kumi na miwili, majalada matatu ya ofisi, akaeleza tangu mwanzo mpaka mwisho. Vikapitishwa mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja akasoma kwa sauti kile kisemacho, "Mwandishi wa kitabu chekundu anawapenda binadamu wote isipokuwa waliomo chumbani mwake." Watu wakacheka, kisha kila mmoja akataka kusoma chake.

"Mimi binafsi nimefaidika sana," Profesa akasema, akitazama viatu vyake.

Kamati ikakubaliana haraka. Vikaratasi kumi bora vitiwe kwenye fremu na kutundikwa mlangoni. Kuota kwa kurasa kuandikwe kwenye ripoti ya mwaka kama mafanikio ya chuo. Mkutubi anunuliwe penseli za kutosha. Wakafika kwenye kadi.

"Ni mwanafunzi?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana."

"Ni mhadhiri?"

"Wahadhiri wanafundisha alichouliza yeye."

"Hilo silo swali langu."

"Hapana. Si mhadhiri."

"Anaweza kujiandikisha kama mwanafunzi?"

"Wanataka cheti cha sekondari. Hana."

Mwenyekiti akafungua kanuni, akaisoma ya nne taratibu kana kwamba huenda imebadilika tangu mwaka jana. Kadi ni za wanafunzi na wahadhiri. "Unaona ugumu wangu," akasema, na kwa kweli uso wake ulikuwa na uchungu. "Tukimpa yeye, kesho tutampa nani?"

"Atakayekuja kusoma."

Mjumbe mmoja akauliza kama feni inaweza kupunguzwa. Wakamsifu mkutubi kwa moyo wake wa kujituma, wakasema suala hili ni nyeti, litazamwe kwa upana wake, na wao wote wako pamoja naye. Wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akang'aa. Katika kumbukumbu za kikao pakaandikwa: ombi limepokelewa.

Alimwambia Bi Taratibu kesho yake saa nne, pale pale kwenye rafu ya tatu. Alikuwa amejiandaa kumfariji. Bi Taratibu akasikiliza hadi mwisho, akakirudisha kitabu cha bluu mahali pake, akakisukuma kwa kidole kikae sawa.

"Imenichoma," akasema. "Nisiseme uongo, imenichoma. Ila hoja yao haijakamilika. Wanabishana na mtu ambaye hayupo."

Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hiyo fundi wa kujalidi, kwa kuwa ndiye mwenye bisibisi, aliagizwa kufunga kibao kipya cha shaba mlangoni: "MKUSANYIKO WA FALSAFA. Umejengwa kwa Ajili ya Wanafunzi na Wahadhiri." Alama za vidole vyake vya gundi zikabaki juu ya herufi. Bi Taratibu akachovya kitambaa, akakisugua kibao kile mpaka akajiona uso. Fundi akatazama pembeni, akasema macho yanamwasha kwa harufu ya gundi, gundi aliyoinusa miaka thelathini na tano bila chafya hata moja.

Saa nane mtu wa kampuni akaja kuchukua gauni la kazi na dekio. Bi Taratibu akavikabidhi vikiwa vikavu na vimekunjwa.

"Kile cha bluu kiko ukurasa wa mia mbili tisini na nne," alimwambia mkutubi. "Jumatatu kitaniulizia. Kiambie sijakikimbia."

Mkutubi akaingia stoo ya karatasi, akalia, akapenga kamasi, akarudi mezani kwake kwa kuwa kulikuwa na foleni.

Jumatatu saa mbili akapita na vidole vyake. Rafu ya kwanza, vitatu. Ya pili, vitatu. Zote, kutoka dirishani hadi mlangoni, zilikuwa zimepungukiwa nafasi ya kidole kimoja. Akatoa cha bluu. Kilikuwa kimeota ukurasa mmoja, na katikati yake palikuwa na mstari mmoja tu: "Kitabu hiki kinabishana na mtu ambaye hayupo. Mleteni."

Akatoa cha kijani. Ukurasa mmoja, mstari ule ule. Chekundu, hivyo hivyo. Vitabu vyote elfu mbili mia tatu na sita, hata vile vyenye vumbi, hata kile cha ufugaji wa nyuki. Mkutubi akachonga penseli. Alimaliza kusahihisha kadi Ijumaa jioni, kidole cha kati kimeota sugu.

Kamati ikaitwa kwenye kikao cha dharura, ikaupokea ukurasa ule kwa kauli moja na kuagiza fundi auimarishe kwa gundi bora. Profesa akatoa mhadhara wa wazi kuhusu falsafa ya kutokuwepo. Ukumbi ulijaa, watu wakasimama madirishani. Wakati wa maswali mkutubi alinyoosha mkono tangu mwanzo mpaka mwisho, na muda ukaisha.

Bi Taratibu alifika langoni Jumatatu iliyofuata saa nne kamili, amevaa gauni la kutokea na miwani mpya ambayo binti yake alimnunulia. Mlinzi alikuwa anamjua miaka kumi na tisa. Akasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimekuja kusoma."

"Kadi unayo?"

"Sina."

"Sasa mimi nifanyeje, shangazi?" mlinzi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha kwa kosa la mwenziwe. Akaingia kibandani, akatoa kiti chake mwenyewe, akakiweka kivulini upande wa nje. Tangu siku hiyo alifanya zamu amesimama saa nne hadi saa tano.

Mkutubi naye akaihamisha chai yake langoni. Kila siku alikariri kurasa za kile cha bluu na majirani zake, akashuka ghorofa, akavuka uwanja, akamsimulia. Hakuwa hodari. Hoja zilimfikia Bi Taratibu zikiwa zimepoa, na nyingine zilimwagika njiani. Bi Taratibu aliuliza, mkutubi akaandika swali kwenye daftari, akalipeleka ndani, akalisomea vitabu kwa sauti. Vitabu havikumjibu. Havikuwa na ugomvi naye. Kila Jumatatu viliota ukurasa mmoja, wenye mstari ule ule.

Mwezi wa kumi rafu zikawa hazipitishi hata kidole kidogo, na mbao zikaanza kupinda. Mkutubi akaandika maombi mawili kwa kamati, kwenye karatasi mbili, akaziwasilisha pamoja. La kwanza lilikuwa kadi moja ya msomaji. La pili lilikuwa rafu mpya ishirini.

Rafu zilipitishwa siku ile ile, bila mjadala; ombi la kadi likapokelewa tena. Zikaja za mbao nzuri, zenye kung'aa. Mkutubi akazipanga mwenyewe siku nne, kila kitabu ubavuni mwa anayemkatalia, na mwishoni mwa kila safu akachomeka vidole vinne kuhakikisha kwamba nafasi ipo. Kisha akatazama saa, akachukua daftari, akashuka kwenda langoni.